Jinsi ya kuomba kibali cha kuingiza protini ya BDNF kwa utafiti, Dar es Salaam

BDNF ni protini inayozisaidia seli za neva kuishi, kukua na kuungana ubongo unapojengeka. Yves-Alain Barde na wenzake waliitenga kutoka kwenye ubongo wa nguruwe mwaka 1982. Siku hizi jeni la binadamu hupandikizwa kwenye bakteria, mara nyingi Escherichia coli, nao ndio wanaoitengeneza. Shika maelezo hayo vizuri, maana ombi lako zima linasimama hapo.

Anza na barua kabla ya kuagiza chochote. Iwe ya taasisi, yenye nembo, sahihi ya mkuu wa idara na mhuri. Ofisa akikuta "protini ya binadamu" kwenye ankara ni rahisi kudhani ni damu au tishu ya mtu, na hana kosa. Kwa hiyo mweleze waziwazi: ni protini rikombinanti, yaani iliyotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni, haikutolewa kwenye mwili wa mtu, haina vijidudu hai, ni ya maabara tu na haitatumika kwa mgonjwa. Kiasi kiandike kwa uzito, mfano mikrogramu 10. "Kichupa kimoja" hakimwambii kitu. Angalia pia kama imechanganywa na albumini ya ng'ombe, yaani protini ya damu ya ng'ombe. Ukiweza, agiza isiyo nayo, kwani kitu chenye asili ya mnyama kinafungua maswali mengine kabisa ya mifugo.

Barua iambatane na ankara ya profoma (ankara ya awali ya muuzaji), cheti cha uchambuzi cha bechi, karatasi ya usalama na muhtasari wa utafiti. Kama mradi unagusa watu au sampuli zao, weka na kibali cha maadili.

Peleka ombi TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na uombe jibu la maandishi hata ukiambiwa kwa mdomo kwamba kibali hakihitajiki. Uwanja wa ndege hawatakuelewa bila karatasi. Kemikali za kawaida za maabara ziko chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa hiyo usiziweke kwenye oda moja na protini. Moja ikikwama, zote zinakwama.

Mtafute wakala wa forodha aliyezoea mizigo ya baridi, na hakikisha jina kwenye ankara linafanana herufi kwa herufi na lile la TIN ya taasisi. Mzigo usipande ndege kabla kibali hakijatoka. Mwambie muuzaji ufike Julius Nyerere mwanzoni mwa wiki, kamwe usifike Ijumaa jioni. Ukija na barafu kavu (kabonidioksaidi iliyogandishwa), itangazwe kwenye hati kwa namba UN 1845, na umuulize wakala mapema ni nani atakayeongeza barafu mzigo ukichelewa. Kwa joto la Dar, swali hilo haliwezi kusubiri.

Kichupa kikifika kitaonekana kitupu. Mikrogramu 10 za unga mkavu hazionekani kirahisi kwa macho, kwa hiyo mtu asikitupe wala asidai kimemwagika. Kizungushe kwanza kwenye sentrifuji ndipo ukifungue, yeyusha kwa kufuata maelekezo ya muuzaji, kisha gawa kwenye vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja, kwa sababu kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara kunaiharibu protini. Hifadhi kwenye friza ya nyuzi -80 iliyounganishwa na jenereta, na nakala ya kibali ibaki kwenye faili la maabara.