Kulipia huduma za Serikali kwa simu bila kupoteza hela: mfano wa pasipoti

Kwenye steshenari ninayofanyia kazi, watu hawakwami sana kwenye fomu. Wanakwama kwenye malipo. Tangu 2017 Serikali ya Tanzania imekuwa ikihamishia makusanyo yake kwenye mfumo mmoja, GePG, ambamo kila ankara ina kumbukumbu namba (control number) yake. Nitatumia pasipoti, maana ndiyo inayowachanganya wengi.

1. Jaza ombi kwenye tovuti ya Uhamiaji, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) ikiwa mkononi. Angalia anwani iishie na go.tz.

2. Mfumo utakupa kumbukumbu namba: tarakimu 12, zinaanza na 99. Inakili taratibu. Namba hiyo ni ya ankara yako peke yako, ndiyo maana siku hizi hupangi foleni benki kisha ukapeleka karatasi dirishani ili uandikiwe stakabadhi. Hela ikiingia, GePG yenyewe huiarifu taasisi kuwa ankara fulani imelipwa. Ukikosea ukaandika namba ya mwenzako, umemlipia mwenzako.

3. Piga *150\*00# kama una Voda, *150\*60# kama una Airtel. Nenda kwenye malipo, chagua Malipo ya Serikali, weka namba, kisha kiasi. Menyu hupanguliwa mara kwa mara, kwa hiyo soma, usikariri.

Hapa ndipo penye kazi. Pasipoti hulipiwa mara mbili: 20,000 za fomu, halafu 130,000 za pasipoti yenyewe, kila moja kwa namba yake. Usijumlishe. Ada nyingi za vyuo hupokelewa kidogokidogo, basi watu hudhani kila ankara iko hivyo. Ya pasipoti inataka kiasi kamili.

4. Rudi kwenye mfumo uone kama malipo yamesoma, ndipo uchapishe fomu na kuipeleka Uhamiaji pamoja na viambatisho.

Hela imekatwa lakini hayajasoma? Usilipe tena. Mara nyingi ni taarifa tu imechelewa. Tunza ujumbe wenye namba ya muamala, na ikizidi kukawia anza na mtandao wako wa simu, kisha taasisi. Namba ikipitwa na tarehe yake, omba nyingine.

Kishoka akikwambia "nitumie kwenye namba yangu nikulipie", mwambie akupe kumbukumbu namba ulipe mwenyewe. Hata sisi wa steshenari tukikulipia, dai stakabadhi yenye namba hiyo kabla hujaondoka.