Bana upande mmoja kwanza

Mafundi wenzangu wa Mwanga na Ujiji, Kigoma, mnaopokea taa za wavuvi wa dagaa: mkibadilisha vile vipande vidogo vya umeme vinavyolehemiwa juu ya bodi, msianze na pande zote mbili. Kipande cha saizi 0603 kina urefu wa milimita 1.6 na upana 0.8 tu. Ukikigusa vibaya kinaruka, na sakafuni hukioni tena.

Weka tone dogo la lehemu kwenye pedi moja (kile kidoa cha shaba cha kulehemia kwenye bodi), ile nyingine iache kavu. Shika kipande kwa kibano, yeyusha lile tone, kisukume taratibu hadi kikae sawa, kisha ondoa pasi ya kulehemu huku kibano bado kimeshika mpaka lehemu igande. Sasa ndipo ulehemu upande wa pili, halafu urudi kwenye ule wa kwanza ukiwa na fluksi kidogo (ile dawa ya kusaidia lehemu ishike) ung'ae. Fluksi usiionee choyo.

Ncha ya pasi iliyochongoka kama sindano naona inapendwa sana, ila mimi siitaki: haibebi joto. Ncha bapa ndogo inafanya kazi haraka zaidi. Lehemu ya 63/37 (bati 63, risasi 37 kwa mia) inayeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi, kwa hiyo pasi ya nyuzi 320 hivi inatosha kabisa.

Bodi za LED zenye mgongo wa alumini ni habari nyingine. Zinanyonya joto lote, kwa hiyo zipashe kwanza kutoka chini.