Jinsi ya kujua kama mgonjwa wako wa kiharusi anapata nafuu kweli

Kila tukimpeleka mama kliniki tunaulizwa anaendeleaje, na sisi tunajibu anaendelea vizuri tunamshukuru Mungu, jibu ambalo halimpi mtu wa fizio (yule wa mazoezi ya viungo) kitu cha kushika. Ndo nikanunua kaunta buku niwe naandika anavyoendelea. Na wewe unayeuguza nyumbani hapa Dar nakuomba uanze wiki hii hii.

Kuna kipimo kinaitwa Barthel, kipo tangu 1965, fizio wanakijua, mwombe akuelekeze. Kinaangalia mambo 10: kula, kuoga, kupiga mswaki na kunawa, kuvaa, kuzuia haja kubwa, kuzuia haja ndogo, kwenda chooni, kuhama kitandani mpaka kwenye kiti, kutembea na kupanda ngazi. Jumla ni 100. Mfano kula, akila mwenyewe 10, akihitaji kukatiwa nyama 5, akilishwa 0.

Sasa sikiliza hapa maana ndo wengi tunakosea: unaandika anachofanya, sio anachoweza kufanya. Mama akiwa kliniki anavaa gauni mwenyewe vizuri tu, ila nyumbani mdogo wangu alikuwa anamvalisha kila kitu coz anawahi mwendokasi, basi pale kwenye kuvaa nikaandika 0, iliniuma lakini ndo ukweli, na ile 0 ndo ilitufanya tuanze kumwamsha nusu saa mapema avae mwenyewe taratibu.

Andika na vile vidogo ambavyo alama hazivioni. Mama mkono wa kulia umepooza, mwanzoni khanga anafungwa kama mtoto, baadae akawa anabana ncha moja kwa kidevu anaizungusha na mkono wa kushoto anachomeka kiunoni, bado inalegea akisimama kwahiyo alama haijapanda, lakini hayo ni maendeleo makubwa jamani, yaandikeni.

Kutembea, chora chaki mita 10 sakafuni au uani, pima sekunde kwa simu, mtu mmoja awe upande wake dhaifu. Viatu vile vile, fimbo ile ile, saa ile ile, asubuhi kabla ya joto, maana ukipima leo saa mbili asubuhi na wiki ijayo saa nane mchana hapo umepima jua. Mara moja kwa wiki inatosha.

Usisahau maongezi, kumbukumbu, kulia ovyo, na je amerudi kukaa barazani na majirani au bado anajificha ndani?

Ila ukiona mdomo umepinda upya, udhaifu mpya au maneno yamevurugika ghafla, achana na daftari, kimbiza hospitali muda huo huo.

Siku ya kliniki fungua ukurasa wa mwezi uliopita na wa juzi, mpe fizio asome mwenyewe.