Soma Kibao Kabla Hujaingia: Idara ya Dharura, Urgent Care na Bima ya Kazini Marekani

Kuna jambo ambalo ndugu zetu wanaofika Marekani na kupata kazi yenye bima hawaambiwi na mtu yeyote, hata ofisa utumishi anayewakabidhi kadi: hapa hulipii matibabu tu, unalipia na mlango ulioingilia. Kidonda kilekile, uzi uleule. Ukishonwa kwenye kliniki iliyoandikwa "Urgent Care", yaani ya matatizo ya haraka yasiyotishia maisha, utatoa kiasi kilichoandikwa kwenye kadi yako na kwenda zako. Ukishonwa nyuma ya kibao kilichoandikwa "Emergency", utaletewa barua kwa miezi. Kadi ni hiyohiyo na mwajiri ni yuleyule.

Nyumbani tumezoea ngazi. Zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya rufaa. Anayekwenda Muhimbili bila barua ya rufaa anajua ataulizwa. Wakenya nao wana ngazi zao, ya kwanza hadi ya sita. Na ukienda hospitali binafsi, dirisha la keshia unalipita kabla ya kumwona daktari: kumwona kiasi hiki, maabara kiasi hiki, unalipa, unapewa risiti, unaingia. Tunanung'unika, lakini bei tunaijua. Marekani hakuna anayekurudisha ngazi ya chini na hakuna anayekutajia bei. Unapokelewa vizuri, unatibiwa vizuri, na bei inakuja baadaye kwa posta, tena kwa mafungu kutoka kwa watu usiowajua.

Hapa Texas kuna vituo vya dharura vinavyojitegemea. Colorado navyo vipo, na majimbo mengine. Havimo ndani ya hospitali. Vimejengwa kwenye safu za maduka, kati ya saluni ya kucha na duka la piza, maegesho tele mbele, mlango wa kioo, na ndani hakuna foleni. Kwa macho ni kliniki ya mtaani. Kisheria ni idara ya dharura kamili, yenye daktari saa 24 na mashine ya CT, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili, na inatoza kama idara ya dharura ya hospitali kubwa hata ukiingia kwa ajili ya mafua.

Mwanangu alikatwa kiganja na kioo Jumapili jioni. Kituo cha aina hiyo kilikuwa karibu na nyumbani, pembeni ya supamaketi tunayonunua mchele. Dada wa mapokezi alituchangamkia, akachukua kadi ya bima, akaitazama mbele na nyuma, akasema, "Bima yako tunaipokea." Akanipa kishikwambi nitie sahihi kwa kidole, ukurasa baada ya ukurasa, huku mtoto analia na taulo limelowa damu. Kazi waliifanya vizuri na nawashukuru kwa hilo. Kisha zikaja bili: moja ya kituo, kwa sababu tu ya kuingia na kukalia kitanda chao, na nyingine ya kundi la madaktari lililo jimbo lingine kabisa. Jumla ilipita dola elfu tatu. Bima haikukataa kitu. Ilipiga hesabu zake kama dharura, na kwa kuwa didaktibo yetu ya mwaka huo, yaani kile kiasi unachomaliza kwanza mfukoni mwako kabla bima haijaanza kuchangia, ilikuwa haijaguswa, karibu mzigo wote ukatuangukia. Mtaa wa pili palikuwa na Urgent Care iliyofunguliwa hadi saa mbili usiku. Wanashona vidonda pale. Kadi yetu inasema dola 50.

Nairudia sentensi ya yule dada kwa sababu utaisikia na wewe. "Bima yako tunaipokea" maana yake ni kwamba watatuma madai kwa kampuni ya bima. Haina maana kwamba wana mkataba nayo, wala kwamba utatozwa kama kliniki. Usikubali jibu hilo liwe la mwisho. Uliza kwa maneno haya: hapa mnatoza kama idara ya dharura au kama urgent care? Mko ndani ya mtandao, yaani kundi la watoa huduma wenye mkataba, wa mpango wangu huu hasa, huu ulioandikwa kwenye kadi? Kuna ada ya kituo, ile inayoitwa "facility fee"? Kama jibu la swali la mwisho ni ndiyo, na mgonjwa wako amekaa, anapumua, anaongea, mchukueni mwende kwingine. Hakuna atakayewashika mkono.

Mwaka 2019 Texas ilipitisha sheria inayovilazimisha vituo hivi kumpa mgonjwa karatasi ya kumweleza wazi kwamba hapa ni kituo cha dharura, bei zake zinalingana na za dharura hospitalini, na huenda akatozwa ada ya kituo. Karatasi hiyo ni mojawapo ya zile kurasa unazozitilia sahihi. Kwa hiyo hata ukiwa na haraka, rudisha kidole nyuma, itafute, isome. Na ujue pia kuna majengo yanayobeba huduma zote mbili chini ya paa moja, ambapo wao ndio wanaoamua umeingia upande upi baada ya kukupima. Uliza kabla hujapimwa. Uliza, uliza tena.

Wengi watasema, si kuna sheria ya bili za kushtukiza? Ipo, imeanza kutumika Januari 2022, na ni sheria nzuri. Inachofanya ni hiki: ukipata dharura na ukatibiwa nje ya mtandao wa bima yako, hawawezi kukutoza zaidi ya kile ambacho ungelipa ndani ya mtandao. Haifuti didaktibo. Haibadilishi kopei ya dharura, yaani kile kiasi kilichoandikwa kwenye kadi, kuwa kopei ya kliniki. Gari la wagonjwa la barabarani halimo, ingawa helikopta imo, na bili ya ambulansi ninaijua familia iliyoilipa kwa awamu mwaka mzima. Kliniki za Urgent Care kwa kawaida nazo hazimo, ndiyo maana na hizo lazima uzihakiki kwenye tovuti ya bima yako kabla hujaugua. Chagua mbili zilizo karibu, ziandike kwenye simu pamoja na saa zao, mpe mwenzako nakala. Nyuma ya kadi nyingi kuna namba ya muuguzi anayeshauri bure saa zote, ihifadhi.

Sasa nisemee na upande wa pili, maana naona ndugu wanaogopa bili hadi wanajidhuru. Mtu kifua kinambana, jasho linamtoka, anasema atakunywa chai ya tangawizi aone. Hapana. Maumivu ya kifua, mdomo kwenda upande au mkono kulegea ghafla, kupumua kwa shida, kuzimia, damu isiyokatika, mjamzito anayetokwa damu, mgonjwa wa selimundu aliyeshikwa na maumivu makali, mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa ya nyuzi 38, ambayo vipima joto vya hapa vitaionyesha kama 100.4: hao ni wa idara ya dharura ya hospitali, sasa hivi, na suala la pesa litajadiliwa akiwa hai. Sheria ya mwaka 1986 inailazimu hospitali yenye idara ya dharura inayopokea fedha za Medicare, bima ya serikali hasa ya wazee, na karibu zote zinapokea, ikupime na kukutuliza hali kwanza, uwe na bima au huna, uwe na karatasi za uhamiaji au huna. Bima ya kazini nayo hairuhusiwi kukataa kwa kuwa mwishowe ilionekana ni gesi tumboni. Kipimo cha sheria ni kile ambacho mtu wa kawaida mwenye akili timamu angekiogopa kwa dalili zile.

Na kuna dalili moja ambayo ni yetu sisi hasa. Umerudi kutoka likizo Tanga, Mwanza, Kisumu au Bujumbura, homa inapanda, baridi kali, kichwa kinagonga. Huko nyumbani hata duka la dawa wangekupima malaria kwa tone la damu. Hapa Marekani hugundulika wagonjwa wa malaria kama 2,000 tu kwa mwaka, wengi wao wasafiri wanaotoka Afrika, na daktari unayekutana naye huenda hajawahi kumwona hata mmoja. Kliniki nyingi za Urgent Care hazina kipimo chake. Watakupima mafua na uviko, watakwambia kanywe maji upumzike. Hapo ndipo watu wetu wanapopotea, maana malaria kali haisubiri. Nenda dharura ya hospitali, na neno la kwanza mlangoni liwe, "Nimetoka Afrika Mashariki, naomba nipimwe malaria leo." Sema tena kwa daktari, usiwaachie karatasi. Wewe uliyekaa huku miaka mingi kinga yako imeshuka, na watoto waliozaliwa huku hawana kabisa. Kama Kiingereza kinakukwamia ukiwa na homa, dai mkalimani wa Kiswahili. Hospitali zinawajibika kukupa bila malipo, kwa simu au kwa video.

Nimejiuliza sana ni kwa nini nchi tajiri hivi imefungia afya ya mtu kwenye ajira yake. Chanzo kipo. Mwaka 1942, katikati ya vita, serikali ilizuia mishahara isipande, basi waajiri wakaanza kuwavuta wafanyakazi kwa bima badala ya pesa. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba bima hiyo haikatwi kodi, na tangu hapo imebaki hivyo. Mimi naona ni mpangilio unaomnyima mtu usingizi. Ukiachishwa kazi leo, mwanao mwenye pumu anaachishwa na wewe. Nimewaona majirani zangu Wamarekani, watu wa heshima, wakijiendesha wenyewe hospitalini na mkono uliovunjika ili wasiite ambulansi. Wanajali, wanachangishana, wanaleta chakula nyumbani kwa mgonjwa. Lakini kudai bei iandikwe mlangoni kama ya mafuta ya gari hawajalishikia bango, na sielewi kwa nini. Serikali imeziamuru hospitali tangu mwaka 2021 kuweka bei zao mtandaoni. Jaribu kuzisoma hizo faili ukiwa umeshika mtoto anayetoka damu.

Bili ikishakuja, usilipe ya kwanza. Subiri waraka wa bima unaoeleza hesabu, ule unaosema juu yake kwamba si bili, uulinganishe. Omba bili yenye mchanganuo wa kila kitu. Angalia daraja la dharura walilokupangia, kuanzia la kwanza hadi la tano. La mtoto aliyeshonwa kiganja halipaswi kufanana na la mtu wa kiharusi, na ukiliona juu mno, pinga kwa maandishi. Kisha piga simu ya ofisi ya malipo na ujadiliane kama uko Kariakoo: taja kiasi unachoweza kutoa taslimu leo, nyamaza, waache waseme wao. Sisi tulipunguziwa, na kilichobaki tukakilipa kwa awamu bila riba. Hospitali zisizo za faida zinatakiwa na sheria ya kodi kuwa na mpango wa msaada wa kifedha, na una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Vile vituo vya dharura vya binafsi havibanwi na sheria hiyo, ambayo ni sababu nyingine ya kuvikwepa. Bima ikikukatalia, una siku 180 za kukata rufaa ndani, kisha unaweza kudai mkaguzi wa nje. Na nenda kwa ofisa utumishi, usione haya: kampuni nyingi kubwa ndizo zinazolipa matibabu kwa fedha zao, huku jina la bima kwenye kadi likishughulikia makaratasi tu, kwa hiyo mwajiri ana sauti.

Shangazi zangu na baba wadogo mnaotupigia WhatsApp kutoka nyumbani, mnatuambia, "Si una bima nzuri, nenda hospitali kubwa." Tunajua mnatupenda. Lakini hospitali kubwa kwa homa ya siku moja huku ni karo ya muhula mzima ya mtoto mnayetuomba tumlipie. Tukisema tumekwenda kliniki ndogo, msione tumejidharau.

Na kwa ninyi mnaowaleta wazazi kwa viza ya matembezi: bima ya kazini kwako kwa kawaida inamhusu mwenza na watoto, mama hayumo. Mnunulieni bima ya msafiri kabla hajapanda ndege, msome kama inagharamia presha na sukari alizokuwa nazo tangu zamani au inazitenga, mbebesheni dawa zake za miezi yote atakayokaa zikiwa kwenye pakiti zake na cheti cha daktari, na karatasi ya bima hiyo iwe kwenye pochi yake mwenyewe, si kwenye simu yako wewe uliye kazini.