Kupe Hawafi? Anza na Kipimo Chako

Kila msimu wa mvua nasikia lalamiko lile lile kwa wafugaji wa ng'ombe: "Mtaalamu, kupe wameshaizoea hii dawa." Nikiuliza umechanganyaje, jibu ni visoda viwili kwa bomba la kupulizia. Jamani, kisoda si kipimo! Amitrazi, dawa ya kuua kupe, ya asilimia 12.5 ni mililita 2 kwa kila lita ya maji, yaani mililita 40 kwa bomba la lita 20. Visoda viwili havifiki hata nusu. Nunua bomba la sindano, ondoa sindano, pimia hilo.

Kupe mmoja mmoja hazoei dawa. Ila katika kundi huwamo wachache waliozaliwa na uwezo wa kuistahimili kidogo. Kipimo kamili kingewamaliza wengi wao. Wewe umeongeza maji, wamekufa wanyonge, hao wachache wamebaki na ng'ombe mzima peke yao. Jike wa kupe wa bluu, aina moja ya kupe wa ng'ombe, akishiba damu hudondoka na kutaga mayai kama 2,000, na watoto hurithi ule ustahimilivu. Kizazi kikiisha kingine kinaanza, vizazi kadhaa kwa mwaka, na kila ukiogesha kwa dawa nyepesi unachagua mbegu ya kupe sugu kama unavyochagua mbegu ya mahindi. Ndivyo arseniki, dawa ya zamani ya majoshoni, ilivyoshindwa na kupe wa bluu huko Afrika Kusini mwishoni mwa miaka ya 1930.

Kiasi nacho mnakibania. Ng'ombe mkubwa anataka lita 5 hivi, mpaka dawa idondoke tumboni. Masikioni, chini ya mkia, kwenye kiwele na katikati ya miguu ndiko wanakojificha, na ndiko wengi msikofika. Changanya siku hiyo hiyo. Mchanganyiko wa juzi si dawa tena. Punda usimpulizie amitrazi kabisa, inamdhuru.

Halafu kuna hili la kubadili chupa. Umetoka kwenye dawa ya sipamethrini ukaenda kwenye ya deltamethrini ukadhani umebadili dawa. Zote ni kundi moja la kemikali, na kupe aliyeishinda ya kwanza mara nyingi ataishinda na ya pili. Soma jina la kiambato, si la duka, na umwone afisa mifugo kabla ya kuhama kundi. Kuchanganya dawa mbili, au kutia ya nyanya, nisikie tena kwa nani?

Ukipima sawasawa, na kupe wako hawajawa sugu, siku mbili tatu baadaye hutarajii kuona kupe walioshiba.