Kusoma chati ya paneli ya kingamwili: usikate upesi

Juzi nilikaa na kijana aliyeanza kazi benki ya damu. Paneli, yaani seli nyekundu za wachangiaji kadhaa zinazopimwa na plazma ya mgonjwa ili kuijua kingamwili yake, ameshaimaliza. Majibu yako mezani, lakini chati inayoonyesha kila seli ina antijeni (alama za juu ya seli) zipi anaikodolea macho tu. Tulikwenda hivi.

1. Linganisha namba ya loti (toleo) ya chupa na ya chati. Kila loti ina wachangiaji wake. Chati ya loti iliyopita isikae mezani.

2. Andika nguvu ya mshikano (seli kugandana) kwa kila seli, 0 hadi 4+, katika kila hatua ya kipimo, pamoja na kontroli ya seli za mgonjwa mwenyewe. Kwenye mirija, kila hasi ya Coombs (hatua ya mwisho, inayofichua kingamwili zilizonata kwenye seli) iongezewe seli za uhakiki, ambazo tayari zimepakwa kingamwili; zisiposhikana, rudia kipimo. Tumia penseli na rula. Programu inayokata yenyewe mimi naipa kazi ya kuhakiki tu, mwishoni.

3. Sasa kata. Chukua seli iliyotoa 0 hatua zote za kipimo, ufute kingamwili za antijeni ilizobeba. Hapa ndipo watu wanapoumia, maana alama ya + haisemi antijeni ni nyingi kiasi gani. Itazame antijeni pacha yake kwanza, kama Jka na Jkb. Seli ya Jk(a+b−), yenye Jka bila Jkb, ina dozi mbili za Jka. Ya Jk(a+b+) ina moja, na kingamwili dhaifu huipita kana kwamba haikuiona. Ni vivyo hivyo kwa C na c, E na e, Fya na Fyb, M na N, S na s.

Nililijua hilo, na bado usiku mmoja nilikata Jka kwa seli ya Jk(a+b+). Seli tatu kati ya 11 zilikuwa zimetoa 1+ kwenye Coombs, na hakuna safu iliyobaki iliyolingana nazo. Nikarudia paneli. Nikaishuku sentrifuji. Saa tatu zikayeyuka. Asubuhi mwenzangu akaweka rula kwenye safu za Kidd (kundi la Jka na Jkb), asiseme neno: zote tatu Jk(a+b−). Na anti-Jka, kingamwili ya Jka, si ya kuchezea. Hushuka hadi isionekane, kisha huamka baada ya mgonjwa kuongezewa damu, na seli alizopewa zikavunjwa siku kadhaa baadaye.

Duffy, kundi la Fya na Fyb, nayo ina mtego. Wachangiaji wengi wenye asili ya Afrika ni Fy(a−b−), yaani jeni zao hazitoi hata moja kati ya hizo, kwa hiyo Fy(a+b−) kutoka kwao huenda ikawa dozi moja. Kwa upande mwingine, kwenye kundi la Kell (K na k), seli za K+k− ni adimu, na maabara nyingi hukubali kukata K kwa K+k+. Fuata utaratibu ulioandikwa wa kwenu.

4. Linganisha kingamwili zilizobaki na seli zilizoshikana. Nataka seli 3 zenye antijeni inayoshukiwa ziwe zimeshikana, na 3 zisizo nayo ziwe zimekaa kimya. Hapo uwezekano wa kubahatisha ni 1 kati ya 20. Zikipungua, ongeza seli za paneli nyingine.

5. Pima antijeni hiyo kwenye seli za mgonjwa. Isiwepo. Kama ameongezewa damu ndani ya miezi 3, seli za wachangiaji zitakudanganya.

Ukibaki na Fya na Jka pamoja, zitie seli papaini, kimeng'enya: Fya huharibika, Jka hushika kwa nguvu zaidi. Kisha soma upya kuanzia hatua ya 2, kwa karatasi safi.