Kutafuta ukoo wa Wahugenoti wa Cape: tulivyofanya sisi, hatua kwa hatua

Nimetoka kumsaidia dada mmoja ninayefanya naye kazi hapa Cape Town, jina lake la ukoo ni Nortje na kwao ni zile familia zinazoitwa Coloured, yaani za asili mchanganyiko. Tangu utotoni alikuwa anaambiwa tu kwamba wana damu ya Ufaransa, lakini karatasi hakuna hata moja. Tumekaa Jumamosi saba. Naandika kwa sababu najua kuna wenzetu kibao wameoa au wameolewa huku na watoto wanaanza kuuliza.

Kwa asiyejua, Wahugenoti ni Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1685 mfalme Louis XIV alifuta ile amri ya Nantes iliyokuwa inawalinda tangu 1598, watu wakatoroka, wengi wakaenda Uholanzi, Uingereza na Ujerumani. Kampuni ya biashara ya Waholanzi iliyotawala Cape, VOC, ikawaleta Cape kama 200 hivi, wengi wao 1688 na 1689 kwa meli kama Voorschoten na Oosterland, wakapewa mashamba Drakenstein na pale tunapoita leo Franschhoek.

Hatua ya 1. Pigia simu shangazi na bibi. Uliza majina, ndoa, makaburi. Andika kwa daftari, usitegemee kichwa.

Hatua ya 2. Tafuta taarifa za kifo. Kuanzia 1834 mtu akifa Cape kulikuwa na fomu inajazwa: wazazi wake, alizaliwa wapi, mke au mume, watoto wote. Karatasi moja inakupa vizazi vitatu. Nyingi zimeskaniwa kwenye tovuti ya FamilySearch, bure, fungua akaunti tu, na zenyewe ziko makavazi ya Roeland Street, hapa Cape Town. Ila angalia nani amejaza. Mkwe akijaza, wazazi wa marehemu anawabahatisha.

Hatua ya 3. Jina. Hapa ndipo tulipoteza Jumamosi mbili nzima kwa hivyo soma polepole. Tulikuwa tunasachi "Nortje", tunarudi nyuma vizuri, halafu ghafla mstari unakatika kama mtu alizaliwa bila wazazi. Kumbe wazazi wako palepale, kwenye kitabu kilekile, wameandikwa Nortier, na nyuma zaidi Nourtier. Makarani walikuwa Waholanzi, wanaandika walichosikia, na kuanzia 1701 VOC ikaanza kukibana Kifaransa kanisani na shuleni kwa hivyo baada ya muda hata wenye majina hawakuwa na namna ya kumsahihisha karani. Ndio maana Villion imekuwa Viljoen, Retif ikawa Retief, Cronier ikawa Cronje, Pinard ikawa Pienaar, Le Clercq ikawa De Klerk. Majina ya kwanza nayo yaligeuzwa, Pierre akawa Pieter, Jacques akawa Jacobus, Étienne akawa Stephanus, sasa wewe unatafuta Étienne mpaka macho yanauma na hayupo.

Dawa yake: litamke jina kwa sauti, andika kila namna ambayo sikio la Mholanzi lingelishika, tulipata kama tisa, halafu sachi zote. Ikishindikana achana kabisa na jina la ukoo, sachi jina la kwanza la mume pamoja na la mke. Na usirekebishe spelingi unaponakili! Weka safu moja ya jina kama lilivyoandikwa na nyingine ya jina la leo, mimi natumia Excel, na zile programu zinazokuchorea mti mwanzoni sizipendi kwa sababu zinakulazimisha uchague spelingi moja kabla hujajua kitu.

Halafu kuna shida ya majina kurithiwa. Mtoto wa kiume wa kwanza anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili babu mzaa mama, kwa hivyo ndugu wanne wanaweza kuwa na watoto wanne jina lilelile, umri uleule, wilaya ileile. Watafiti wa koo wanawatofautisha kwa herufi na namba, a ni yule aliyeshuka melini, b watoto wake, c wajukuu, kwa hivyo b2c3 ni mtoto wa tatu wa mtoto wa pili. Tumia huo mtindo. Na tafadhali usinakili mti wa mtu intaneti, mmoja tuliouamini ulikuwa umemwoza mtu kwa binamu ya mke wake.

Hatua ya 4. Vitabu vya ubatizo, hasa Stellenbosch na Drakenstein. Mama anaandikwa kwa jina la kwao, shukuru Mungu. Soma na mashahidi, mara nyingi ni ndugu.

Hatua ya 5. Orodha za kodi, zinaitwa opgaafrollen, na orodha za mali za marehemu za Weeskamer, ile ofisi ya kusimamia yatima na mirathi. Utaona mizabibu, ng'ombe, bunduki, vitanda. Na utaona watumwa, kwenye karatasi hiyohiyo, jina moja tu na walikotoka: van Madagascar, van Mosambique, van Bengalen. Watu wengi wanaruka hiyo mistari. Usiruke. Familia nyingi za huku zimetoka pande zote mbili za hiyo karatasi. Tulipofika kwa mwanamke aliyeandikwa "van de Kaap", yaani amezaliwa hapahapa, dada akaniambia nisubiri, akamwandika kwenye daftari kwa mkono wake, herufi kubwa.

Hatua ya 6. Ufaransa. Usiiguse mpaka uwe na jina la kijiji kutoka kwenye karatasi. Mashamba yanaitwa La Motte, Cabrière, Languedoc, Normandie, hiyo ni fununu tu. Pitia kwanza Uholanzi, kadi za makanisa ya Kiwalloon, yaani ya Waprotestanti wa huko wanaosali kwa Kifaransa, zilizokusanywa Leiden, maana wengi walikaa huko kabla ya kupanda meli.

Sisi hatujafika huko. Jumamosi tunaenda Roeland Street kumtafuta mama yake huyo wa "van de Kaap".